Vifungo vya Koti la Afande

Siku ambayo Afande alitakiwa kwenda kumtazama binti yake akicheza, koti lake lilikutwa halina vifungo. Kola lilikuwa nayo, mifuko lilikuwa nayo, harufu ya dawa ya nondo ndiyo usiseme, lakini kifungo hakuna hata cha kusingiziwa. Afande alilivaa, akapapasa kifuani, akapapasa mikononi, kisha akatoka nalo uani likiwa wazi kama mlango wa duka, akasimama mbele ya mkewe.

"Mama Kiroboto, vifungo vyangu viko wapi?"

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi kwa sababu ya kazi yake, alizidi kuinamia beseni. Jibu alikuwa nalo siku nyingi, ila alikuwa akiomba Mungu lisije likahitajika.

"Vimekwenda kazini," akasema.

Na kweli vilikuwa kazini. Dobi alikuwa na sharti moja: nguo ya mteja hairudi na upungufu. Kifungo kikikatika kwenye kusugua, hamwambii mtu. Anaingia ndani, anafungua kabati lake mwenyewe, anatafuta kinachofanana, anakata, anashona. Zilianza blauzi zake, yakafuata mashati ya mumewe, mwisho likafikiwa koti. Lilikuwa koti zito la gwaride la tangu Afande alipokuwa trafiki, na lilikuwa na vifungo kila mahali: kifuani, mabegani, viwikoni, mpaka kwenye pindo za mikono. Wateja walipita mtaani wamejifunga wakajifungika, na nyumbani kwa Dobi watu walijishika kwa pini.

Kilichomtia Dobi wasiwasi ni kwamba mumewe hakukasirika. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu aliyepewa ruhusa na daktari.

"Basi, siendi," alisema. "Nilikubali kwenda, kila mtu shahidi. Lakini siwezi kukaa mbele za watu kifua nje. Mimi, mtu niliyeongoza misafara ya wakubwa!"

"Vaa shati peke yake."

"Shati lipi? Hebu tazama." Akalipanua koti. Shati lilikuwa limeshikwa kwa pini mbili, na kati ya pini na pini tumbo lilikuwa linachungulia kuona kuna nini.

Dobi alitazama pembeni. Alijua vizuri huyu mzee anakwepa nini. Nyumba hii ilikuwa imegombana wiki kadhaa juu ya binti yao, ambaye baba yake alimpa jina la Kiroboto tangu utotoni kwa vile hakuweza kukaa mahali pamoja. Kiroboto alitaka kucheza. Si kucheza harusini. Kucheza kama kazi, na kundi la watu, jukwaani, na kompyuta. Baba yake alisema hiyo si kazi, huo ni wazimu wa umeme. Mjomba, kaka yake Dobi, mwenye duka la rangi za nyumba, alikuwa anahitaji mtu wa kusimama nyuma ya kaunta. Mwisho wakakubaliana hivi: Afande aende aone kwa macho yake mara moja. Akiona ni kazi, atafunga mdomo. Asipoona, Jumatatu Kiroboto aende dukani. Mjomba, kwa haraka zake, alikwisha kuleta koti la kazi, la kijani, jipya, vifungo vyake vyote vinameremeta, akalitundika nyuma ya mlango wa sebule. Kiroboto alilipita kila siku kama mtu anavyompita mbwa asiyemwamini.

Sasa Afande asipokwenda kabisa, maana yake hakuona. Na asipoona, ni dukani.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unasimamisha malori pale njia panda ili avuke kwenda shule?" Dobi alimwambia. "Leo kifungo ndicho kikushinde?"

"Niliwasimamishia watoto wote."

"Wengine uliwasimamishia. Huyu ulikuwa unampigia na saluti."

Afande alikohoa, akaingia ndani kutafuta chai.

Dobi alifuta mikono, akaingia sebuleni alikokuwa akipigia pasi. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye lile koti la kijani nyuma ya mlango. Vifungo vile! Mkono ulimwasha, mkasi nao ulikuwa karibu. Lakini kukata vifungo vya kaka yake ilikuwa ni kutangaza vita, na pia, Mungu apishe mbali, huenda Jumatatu likavaliwa. Akageuka. Ndipo alipokiona kifuko kidogo cha kitambaa juu ya meza ya pasi.

Kilikuwa cha Kiroboto. Jana yake binti alikuja na vazi lake la ngoma, jeusi, la kubana kama ngozi, lenye viraka vidogo vya manyoya kwenye kila kiungo, vya kunatishia vitufe vya kijivu.

"Mama, hili lifue kwa mkono, taratibu. Vitufe nimevibandua, nitavibandika mwenyewe ukishamaliza."

"Vya nini? Urembo?"

"Kamera ndizo zinaviona. Vinang'aa kwenye taa kama ile fulana ya Baba ya barabarani. Kamera zikiona vitufe, kompyuta inajua mkono wangu uko wapi, goti liko wapi. Basi ukutani linatokea jitu la mwanga, refu mpaka darini, linafanya kila ninachofanya. Nikiinua mkono, linainua mkono."

"Kwa hiyo unacheza na kivuli chako."

"Si kivuli, Mama. Kivuli kinakufuata. Hili baadaye linaniacha, linarudi, tunacheza wawili."

Dobi hakuelewa, lakini alifua kwa moyo wote. Alifua kuliko alivyoagizwa. Nguo isiyo na wanga, kwake, ilikuwa bado haijafuliwa. Akatia wanga mzito, akapiga pasi, na vile viraka vyenye manyoya ya kunatia vitufe akavikandamiza mpaka vikalala laini kama shavu la mtoto. Asubuhi Kiroboto alilichukua vazi mbio mbio, akabandika vitufe vyake njiani, na kifuko cha akiba akakisahau.

Dobi alikifungua. Vitufe vilikuwa tele, na kila kimoja kilikuwa na kitako chenye tundu, utafikiri aliyevitengeneza alimwazia mshona vifungo. Akiba ni akiba, alijiambia. Jioni atavikata, atavirudisha, nani atajua? Akatia uzi kwenye sindano. Akashona kifuani, akashona mabegani, viwikoni, akamalizia mikononi, wala hakuacha pengo.

Afande alijitazama kwenye kioo na tabasamu lake likamtoka.

"Vifungo gani hivi? Vinanikodolea macho."

"Ndio mtindo wa sasa."

"Mtindo wa nani?"

"Wa watu wanaokwenda mahali. Twende."

*

Ukumbi ulikuwa ghala la zamani lililopakwa rangi nyeusi ndani. Viti vya plastiki, jukwaa la mbao lenye ngazi fupi za kushukia kwa watu, na nyuma yake kitambaa cheupe kilichofunika ukuta wote. Kamera zilikaa juu ya nguzo pande zote, kila moja na kijicho chekundu, zikitazama jukwaa na ngazi mpaka safu ya mbele. Na safu ya mbele ndiyo iliyowekewa wazazi.

Mjomba alikuwa amefika mapema, suti mpya, funguo za duka zinaning'inia kidoleni.

"Shemeji! Umependeza. Hivyo vifungo umevitoa wapi?"

"Muulize dada yako," Afande alisema, akakaa, akafumbata mikono.

"Ikiisha mapema tunaweza kupitia dukani, nimwonyeshe mtoto kaunta," Mjomba aliendelea. "Dada, usininunie. Rangi haina ubaya. Watu watajenga mpaka kiama."

Mwalimu wa kundi, mwanamke mrefu mwenye kichwa kilichonyolewa, alipanda jukwaani. Aliwakaribisha watu kwa maneno machache, akawaomba wazime simu, akampungia mkono fundi wa kompyuta aliyekaa pembeni, vidude vya masikio shingoni. Taa zikazimwa. Muziki ukaanza polepole, na Kiroboto akatokea.

Dobi hakumtambua mara moja. Nyumbani huyu mtoto alikuwa anagonga masufuria, anajikwaa kwenye kamba za nguo. Hapa alitembea kama mtu mwenye hati ya mahali hapo. Akainua mkono, na ukutani jitu la mwanga, jeupe, kubwa kupita nyumba, likainua mkono. Watu wakaguna. Akazunguka, likazunguka. Akachuchumaa, likakunjika lote mpaka likawa kama mwezi uliokaa sakafuni.

"Umeona?" Dobi alimnong'oneza mumewe.

"Naona taa," Afande alijibu. Lakini hakuwa amefumba macho, na Dobi alilihesabu hilo kuwa jambo jema.

Kisha Kiroboto akaruka. Aliruka juu, mikono wazi, na aliposhuka, Dobi alisikia mlio mdogo kwenye mbao, tik, tik, tik, kama punje za mahindi zikianguka. Vitufe! Wanga na pasi vilikuwa vimeviua vile viraka, na sasa kila mruko ulikuwa unavibandua. Kiroboto hakujua. Akainua mkono tena, kwa madaha yote.

Jitu halikuinua mkono. Likatetemeka kama taa inayotaka kuzimika. Halafu likafumbata mikono.

Kiroboto aligeuka kutazama. Jitu lilikaa pale ukutani, kubwa, limefumbata mikono, limekasirika. Kisha likaukunjua mkono mmoja na kujikuna kwapani, kwa utulivu, kama liko peke yake bafuni.

Ukumbi ukacheka. Jitu likatikisa bega. Likaingiza kidole sikioni, likakizungusha, likakitoa, likakitazama. Watu wakapiga makofi. Mjomba alikuwa anajipiga mapajani.

"Hii ngoma kumbe ni vichekesho! Shemeji, tazama, lile jitu halina adabu hata kidogo!"

"Kweli," Afande alisema, akilitazama kwa dharau. "Limelelewa wapi?" Akachomoa kidole sikioni.

Hapo ndipo Dobi alipogeuka. Alimtazama mumewe, akalitazama jitu. Afande alipangusa kidole kwenye goti, jitu likapangusa. Afande alinyoosha shingo, jitu likanyoosha. Vile vifungo kifuani mwake vilikuwa vinawaka kama macho ya paka.

Fundi wa kompyuta alikuwa amesimama, anapapasa vitufe vya mashine yake kama mtu anayetafuta viatu gizani. Mwalimu wa kundi alishika kichwa chake kisicho na nywele. Na Kiroboto, mtoto wa watu, alikuwa amebaki katikati ya jukwaa anaucheza mchezo wake peke yake, na watu wanamcheka, si kwa ubaya, lakini wanamcheka. Dobi alimwona anameza mate. Aliujua ule mmezo. Ni ule wa kuzuia machozi tangu yuko darasa la kwanza.

"Afande, vua koti."

"Nini?"

"Vua koti. Sasa hivi."

"Nivue koti? Na hili shati? Vifungo vya shati umekula, vya koti umekula, leo unataka watu waone kitovu changu?"

"Ni wewe," Dobi alisema. "Lile jitu ni wewe. Hivyo si vifungo, ni vitufe vya mtoto, nimevishona mimi. Nilitaka uje. Nilitaka uje tu, baba, nimeharibu kila kitu."

Afande alimtazama. Akainua mkono wa kulia kidogo tu, kama mtu anayepima joto la chuma. Ukutani, mkono mkubwa ukainuka. Akaushusha, ukashuka. Mjomba aliacha kucheka, mdomo ukabaki wazi.

Kicheko cha ukumbi kilianza kupungua, kwa sababu sasa jitu lilikuwa halifanyi chochote. Afande alikuwa amekalia mikono yake. Uso wake ulisawijika, na Dobi alielewa: alikuwa anaona aibu, tena si ya kwake. Hapa ndipo mzee angeweza kusimama akatoka nje, na jitu likatoka naye, na mambo yakaisha, na Jumatatu ikawa Jumatatu.

Kiroboto alikuwa amewaona. Alikuwa amekitazama kifua cha baba yake, vile vitufe vyake vimejipanga pale kama vimezaliwa hapo, na kwa muda hakujulikana atacheka au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuja mpaka ukingo wa jukwaa, akabana miguu pamoja, akashika mikanda ya mkoba ambao hakuwa nao mgongoni. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akasubiri.

Watu hawakuelewa. Dobi alielewa, akaziba mdomo kwa kanga. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasimama pale njia panda, sare ya shule, soksi zimeshuka, havuki mpaka baba yake aseme.

Afande alisimama polepole, na jitu likasimama, likajaza ukuta. Akanyoosha mgongo. Mkono wa kushoto ukapaa, kiganja mbele, na jitu likasimamisha dunia. Na kwa mkono wa kulia, kwa ule mzunguko wake wa zamani, wa glavu nyeupe, akamwita.

Kiroboto akavuka.

Alivuka jukwaa mbio, akaruka, na alipotua baba yake alikuwa amekwisha kumgeuzia kiganja: simama. Akasimama kwa kidole kimoja cha mguu, anayumba. Akamwelekeza kushoto, akateleza kushoto. Akamwita, akaja akibingirika. Muziki ulikuwa umewashinda wote wawili, wakautafuta, wakaukamata. Yule mzee hakucheza hata kidogo. Alifanya kazi yake tu, ile ile aliyoifanya juani miaka yote, mkono ukinyooka, ukikunjika, bega likijibu, na jitu la mwanga nyuma yake likiifanya ionekane ilivyokuwa kweli: nzuri. Dobi alikuwa hajawahi kuitazama vile. Alikuwa anafua glavu tu.

"Huyu mtoto mikono ameitoa wapi," alijisemea, "nami nilikuwa natafuta upande wa kwetu."

Mwishoni Kiroboto alishuka zile ngazi, akafika mbele ya baba yake, akabana miguu. Afande alikuwa anahema. Akaunganisha visigino, akapiga saluti, na ukutani jitu likapiga saluti kwa watu wote. Taa zikazimwa. Makofi yalivyolipuka, Mjomba alidhani ghala linaanguka.

*

Nje, mwalimu wa kundi alimshika Dobi mikono yote miwili.

"Kile kipande cha baba, nani alikibuni?"

"Ni bahati mbaya tu, mwalimu. Naomba unisamehe. Na ule wanga ni mimi pia."

"Wanga upi?"

"Mama, nyamaza," Kiroboto alisema, huku anacheka na machozi yanamtiririka.

Fundi wa kompyuta alikuja na kimkasi, kwa heshima, kuomba vitufe vyake. Alivikata kimoja kimoja, na kila kilipotoka koti lilizidi kufunguka, mpaka Afande akabaki amelishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyetoka kuoga. Mwalimu alimwuliza kama anaweza kuja tena kesho, watu wameanza kuuliza. Afande alisema atatazama ratiba yake. Ratiba yake ilikuwa kunywa chai uani.

Mjomba alizungusha funguo kidoleni, akakohoa.

"Kwa hiyo, Shemeji, Jumatatu nimtegemee mtoto saa ngapi?"

Afande alimtazama binti yake, ambaye ghafla alianza kukagua kucha zake.

"Jumatatu hawezi," alisema. "Ana kazi."

Kiroboto aliuingiza mkono wake kwenye kwapa la baba yake, lile lile lililokunwa mbele ya watu, wakatembea hivyo mpaka nyumbani, koti likishikiliwa na mikono mitatu.

Walipoingia, Dobi aliketi mezani na koti la mumewe mapajani, tupu tena, nyuzi zimechomoza kila mahali. Kesho atalifunga na nini? Kabati lilikuwa limekwisha. Alikuwa bado anawaza hivyo Afande alipopita sebuleni, akasimama, akarudi nyuma hatua. Akalitungua lile koti la kijani nyuma ya mlango. Akalikung'uta. Akalipapasa kitambaa kwa vidole viwili, mdomo ameupinda.

"Kitambaa chenyewe hovyo," alisema. "Ila vifungo ni vya maana."

Akaliweka mezani mbele ya mkewe, na juu yake akauweka mkasi.

Dobi alimtazama, akamtazama Kiroboto aliyekuwa mlangoni amejiziba mdomo, akautwaa mkasi kabla mzee hajabadili mawazo.

"Na kaka akiviulizia, nimwambie nini?"

"Mwambie vimekwenda kazini."